Kesi Iliyoanza 1895: Usambara na Walimu Wake wa Sheria

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, mji wa wafalme wa Usambara. Kosa walilomtia hatiani ni kuua: mtu mmoja alizini na mke wa mtawala, na mtawala akaamuru auawe. Kwa sheria iliyokuwapo milimani kabla ya bendera ya Kaiser, hapakuwa na kesi hapo. Mkilindi, yaani mtu wa ukoo wa watawala, aliyeketi kwenye kiti cha Vugha hakuwa na hakimu juu yake, na mtu aliyenyoosha mkono kwa mke wa mfalme alijua anacheza na nini. Kwa sheria ya wageni, Mputa alikuwa muuaji kama muuaji mwingine yeyote. Sheria mbili zilikutana shingoni mwa mtu mmoja, na ile iliyokuwa na bunduki ndiyo iliyoshinda.

Mwaka huohuo Semboja, mzee wa Mazinde aliyetikisa bonde zima la Pangani kwa biashara na vita, akafa. Mwaka huohuo, tarehe 26 Novemba, Berlin ikatoa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya taji la Ujerumani. Na mwaka huohuo, chini ya milima, katika misheni ya Magila, mtambo wa kuchapa ukaanza kutoa sehemu ya kwanza ya kitabu cha Kiswahili kiitwacho Habari za Wakilindi. Ni nadra mwaka mmoja kubeba mambo yote hayo: mfalme kitanzini, mzee mwenye nguvu kaburini, ardhi kwenye karatasi ya mtu wa mbali, na historia ya nchi kwenye herufi za chapa.

Leo Lushoto ni mji mdogo wa baridi, wa ukungu na sweta, viazi na kabichi, na barabara inayopanda kwa kona kutoka Mombo kupitia Soni. Ni mji pia wa sheria. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 1998, ambako makarani wa mahakama, mahakimu na hata majaji wapya hupelekwa kunolewa. Wanaokwenda kusoma huko hufunguliwa vitabu vya sheria za mwenendo wa kesi na za ushahidi. Nje ya madirisha ya madarasa yao kuna milima ambayo sheria imefundishwa ndani yake kwa zaidi ya miaka mia mbili, na walimu wake hawakuwa wa aina moja.

Wa kwanza walikuwa Vugha. Masimulizi ya Wasambaa yanasema Mbega, mwindaji kutoka Unguu, alikuja katika karne ya 18, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, akapatanisha waliogombana, na wenyeji wakamtaka awe mkubwa wao. Ukiacha mapambo ya hadithi, kiini chake ni cha kisheria kabisa: ukoo wa Wakilindi ulidai utawala kwa sababu baba yao alijua kuamua. Kitukuu wa Mbega, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kwa karibu nusu ya karne hadi 1862, akawatawanya wanawe katika kila upande wa milima na mabonde ili watawale kwa niaba yake. Mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1848, akarudi 1852. Mwaka 1857 wakafika wasafiri Waingereza Burton na Speke, wakakuta mji wa nyumba za msonge zipatazo 500 na mfalme mzee, mgonjwa, aliyetumaini kwamba wageni wale wana dawa ya kumrudishia ujana.

Mashauri madogo yaliishia kwa machifu wa sehemu. Mazito, ya damu hasa, yalipandishwa Vugha. Huko mfalme hakuwa peke yake, maana kiti kilizungukwa na watu wenye vyeo, Mlughu na Mdoe miongoni mwao, ambao hawakuwa Wakilindi. Walitoka katika koo za wenyeji. Edgar Winans, Mmarekani aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1950, aliona mpangilio huo unastahili kuitwa katiba, na akaliweka neno hilo katika jina la kitabu chake cha 1962. Hakukosea. Ilikuwa katiba isiyoandikwa, yenye dosari nzito, kwa kuwa iliruhusu mtu kulipwa kama fidia na iliufanya uhai wa raia kuwa tonge mezani kwa mfalme. Lakini ilikuwa na utaratibu, na watu waliujua.

Katika ardhi utaratibu huo ulikuwa mzuri zaidi, na sehemu yake ingali hai. Aliyefyeka msitu ndiye mwenye shamba, na watoto wake baada yake. Mwanamume mwenye wake wawili alimpa kila mmoja mashamba yake, na mashamba ya nyumba hii hayakurithiwa na wana wa nyumba ile. Mtu aliyepungukiwa aliazimwa kipande. Akipewa, alipanda mahindi au maharage, akavuna, akarudisha. Hakupanda mgomba. Mgomba unakaa, unazaa machipukizi, unamzika aliyeupanda na kumngojea mjukuu wake. Ukimwachia mtu apande migomba kwenye shamba lako, umekwisha kumpa ushahidi wa kukushinda barazani. Kanuni ya namna hiyo haihitaji mwandishi wala mhuri. Kila mpita njia anaisoma kwa macho.

Baada ya Kimweri kufa, nyumba iliungua. Wanawe na wajukuu wakapigana, Wabondei wakaasi, Semboja akiwa Mazinde kwenye njia ya misafara akapata bunduki na nguvu, na watu wengi wakakamatwa na kuuzwa pwani. Ni katika kipindi hicho Abdallah bin Hemedi bin Ali el-Ajjemy aliijua nchi hii. Alikuwa mtu wa pwani, msomi wa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aliwahi kukaa kwa Semboja. Alisikia mambo kutoka kwa waliohusika nayo, mengine akayashuhudia. Akayaandika.

Habari za Wakilindi ni kitabu cha historia, lakini mwanafunzi wa sheria akikisoma kwa jicho lake atakuta humo zaidi ya vita. Atakuta mahari na talaka, madeni, fidia, urithi wa kiti, viapo, ugomvi wa mipaka, na mabishano marefu ambamo kila upande hupewa nafasi ya kusema maneno yake. Abdallah ana masikio ya karani wa mahakama: anapenda kueleza nani alisema nini na nani alimjibu. Misheni ya UMCA, ile ya Magila, ilikichapa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Kisha kikapotea machoni pa watu hadi J. W. T. Allen alipokihariri, kikatolewa upya mwaka 1962. Ni aibu kidogo kwamba kitabu chenye thamani hiyo, kilichoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekaa kwa watawala wenyewe, ni vigumu kukikuta dukani leo.

Turudi kwa Wajerumani. Baada ya kumnyonga Mputa waliweka kwenye kiti Kinyashi, wa tawi jingine la Wakilindi, lililokuwa limepokonywa utawala na watu wa Semboja. Kinyashi hakukifurahia kiti. Alikaa miaka michache, akiwaogopa wapinzani wa ukoo wake pengine kuliko alivyowaogopa Wajerumani, na mwanzoni mwa karne ya 20 akajiondoa. Makao ya serikali ya wilaya yakawekwa mahali walipopaita Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaiser. Ndiyo Lushoto. Maamuzi sasa yalitoka kwenye boma, kwa bwana mkubwa mwenye kiboko, na chini yake maakida na majumbe.

Lakini iliyofanya kazi ya kudumu zaidi ni ile amri ya ardhi. Kiboko kiliwaumiza waliochapwa, kikapita. Amri ya 1895 ilibadilisha swali lenyewe. Zamani ukiuliza shamba hili ni la nani, jibu lilikuwa jina la mtu, la baba yake na la aliyefyeka. Sasa jibu likawa kwamba ardhi ni ya dola, isipokuwa pale mtu atakapothibitisha vinginevyo mbele ya tume ya dola hiyohiyo. Walowezi wakapewa mashamba ya kahawa Usambara Mashariki, ambayo udongo wake haukuipenda kahawa, na ya mkonge huko bondeni, ambako reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo miaka mitatu baadaye. Mwaka 1902 pia ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea pale Amani. Kwenye ramani za serikali, shamba la Msambaa lililopumzishwa ili udongo upate nguvu lilionekana pori tupu.

Waingereza walipokuja hawakuifuta amri hiyo. Waliibadilisha maneno. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema ardhi yote ni ya umma, iko chini ya mamlaka ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Kuhusu mahakama walikwenda njia nyingine: katika miaka ya 1920 wakaingiza utawala wa kupitia machifu, wakamrudisha yuleyule Kinyashi kwenye kiti, ambacho alikiacha tena mwaka 1929. Mwaka huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji, iliyozitoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa tawala. Maana yake kwa mkulima wa Mlalo au Bumbuli ilikuwa hii: chifu ndiye anayekutoza kodi, chifu ndiye anayekupa amri, na ukiivunja amri, chifu ndiye anayekuhukumu. Ukikata rufaa, unakwenda kwa bwana shauri, ambaye ndiye aliyempa chifu amri hiyo.

Ubaya wa mpango huo ulionekana kwenye matuta.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wa serikali waliitazama Mlalo, bonde lenye watu wengi kaskazini ya Lushoto, wakaona udongo unashuka na mvua. Hawakuwa wamekosea kuhusu udongo. Mwaka 1946 ukaanza mpango wa kulitengeneza upya bonde hilo, na baadaye ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima wakaamriwa kulima kwa matuta ya kukingama mlima, kutolisha ng'ombe kiholela, na kuacha baadhi ya miteremko mikali. Asiyetekeleza alipelekwa mahakama ya wenyeji, akatozwa faini.

Nani alilima? Kwa sehemu kubwa ni wanawake. Matuta yalidai siku nyingi za jembe kwenye mteremko unaomfanya mtu ashike nyasi asiteleze, na mazao yaliyotoka hayakuonyesha tofauti ya kulipa jasho hilo. Kulikuwa pia na hofu ambayo wataalamu waliiona ya kijinga, ingawa haikuwa hivyo hata kidogo: shamba likishatengenezwa kwa amri ya serikali, nani atasema kesho si la serikali? Watu walikuwa wameona mashamba ya walowezi. Amri ya 1895 hawakuisoma, lakini waliijua kwa matokeo yake.

Lawama zikawaangukia Wakilindi. Katika fikra za Wasambaa mtawala ana uwezo wa kuiponya nchi au kuiharibu. Mvua ikinyesha kwa wakati na watu wakila, amekaa vizuri na watu wake. Hivyo chifu anayewatoza faini wanawake kwa sababu ya matuta alionekana ameshika upande wa uharibifu, hata akieleza vipi habari za udongo. Mwaka 1947, katikati ya msukosuko, Mkilindi aliyeketi Vugha wakati huo, Magogo, aliondoka kwenye kiti, na Kimweri Mputa Magogo akakalia nafasi yake. Msukosuko haukutulia. TANU, chama cha kudai uhuru, ilipofika milimani katika miaka ya 1950 ilikuta kuni zimeshakauka, na hadi kufikia 1957 mpango wa matuta ulikuwa umekufa. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani, aliwasikiliza wakulima wenyewe miaka michache baadaye, na katika kitabu chake cha 1990 aliwaita wasomi: wakulima waliojenga hoja kuhusu haki, mvua na utawala bila kupitia chuo chochote. Ningeongeza kwamba walikuwa mawakili pia. Kesi yao waliishinda kwa kukataa kuitambua mahakama.

Uhuru ulipokaribia, nchi nzima ilikuwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Oktoba 1961, wiki chache kabla bendera haijapandishwa, Chuo Kikuu kilifungua milango yake Dar es Salaam katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi walikuwa 14. Mkuu wa kitivo aliitwa A. B. Weston, mgeni, kama walivyokuwa walimu wenzake wa mwanzo. Nyerere alihitaji wanasheria haraka kuliko alivyohitaji wahandisi, na sababu yake si ngumu kuiona: dola mpya inarithi vitabu vya sheria vya dola ya zamani, na bila watu wa kuvisoma, dola hiyo inarithiwa na vitabu.

Serikali ikavunja machifu mwaka 1963. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaunganisha mahakama za wenyeji na nyingine kuwa mfumo mmoja, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Sasa mkulima wa Usambara aliweza kuianza kesi yake kijijini na kuifikisha kwa jaji. Ndani ya Mahakama ya Mwanzo hakimu alikaa na wazee wawili washauri, na lugha ikawa Kiswahili. Hapo kidogo Vugha ilirudi, bila Mkilindi.

Kazi ya kuziandika sheria za mila ilimwangukia Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa ameitumikia serikali ya kikoloni kama mtaalamu wa mila. Alikusanya, akalinganisha, akatafuta kanuni moja kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba. Alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata kanuni zikatangazwa katika Gazeti la Serikali, tangazo namba 279 na namba 436. Zimeandikwa vizuri, zina namba, hakimu anaweza kuzinukuu. Na humo urithi umepangwa kwa madaraja: mwana wa kwanza juu, binti daraja la tatu. Kilichokuwa desturi ya kubishaniwa barazani, ambapo mzee mmoja angeweza kusema kwamba kwa binti huyu tufanye hivi kwa kuwa ndiye aliyemuuguza baba yake, kikawa kifungu. Kuandika sheria ya mila ni kuigandisha, na Cory aliigandisha ikiwa imegeukia upande wa wanaume.

Ilichukua karibu miaka 30 kwa mtu kuipiga nyundo barafu hiyo. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alitaka uuzaji huo ubatilishwe kwa kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akaisoma mila hiyo mbele ya Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akamrudishia Holaria haki yake. Kesi hiyo inasomwa na kila mwanafunzi wa sheria Tanzania.

Hapa ndipo anapoingia profesa wa mji mdogo. Issa Shivji alizaliwa mwaka 1946 Kilosa, mji wa reli ulioko katika nchi ambayo Mjerumani Karl Peters aliipitia mwaka 1884 akiwakusanyia machifu mikataba wasiyoielewa. Msovero ya Mangungo, mmoja wa machifu hao, iko wilaya hiyohiyo. Shivji alihitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akaenda London kwa shahada ya pili, akarudi kufundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi alipostaafu ualimu wa kitivo mwaka 2006. Akiwa kijana alijulikana kwa maandishi makali kuhusu matabaka, yaliyowakera wakubwa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua mtu huyohuyo kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Sifa yake Mwinyi kwa uamuzi huo haijatolewa vya kutosha.

Tume ilifanya jambo ambalo Berlin ya 1895, London ya 1923 na wataalamu wa matuta hawakulifanya: ilikwenda ikauliza. Ilifanya mikutano ya hadhara 277 vijijini na mijini, ikahudhuriwa na watu wanaokadiriwa kufikia 83,000. Walisema walivyohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, walivyokuta shamba limepewa mtu mwingine kwa barua ya wilaya, walivyozungushwa mahakamani. Mwanasheria aliyezoea kusoma kesi alilazimika kukaa chini na kuzisikia kabla hazijawa kesi.

Ripoti ilikabidhiwa mwishoni mwa 1992 na kuchapishwa 1994. Pendekezo lake kuu liligusa mzizi. Shivji na wenzake walisema umiliki wa mwisho wa ardhi uondolewe mikononi mwa serikali. Ardhi ya kijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na ardhi ya taifa iwe chini ya tume inayowajibika kwa Bunge. Kwa lugha nyingine, ifutwe ile amri ya 1895. Serikali ikashukuru, ikakataa. Sera ya Ardhi ya 1995 ikaacha mambo pale yalipokuwa, na Sheria ya Ardhi Na. 4 pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zikasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa kwa Rais kama mdhamini. Kaiser, Gavana, Rais: aliyeketi amebadilika, na huyu wa mwisho tumemchagua wenyewe, jambo ambalo si dogo. Kiti chenyewe hakikusogea.

Si kwamba kazi ile ilipotea bure. Sheria ya Vijiji imempa mtu wa Mlalo hadhi ambayo mwaka 1946 hakuwa nayo: haki ya kimila ya kumiliki ardhi ina nguvu sawa na hati inayotolewa na serikali kuu. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na kwa kifungu hicho binti wa daraja la tatu ana pa kusimamia. Mwaka 2002 ikaja sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi, na baraza la ardhi la kijiji likawa na wajumbe saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake. Tangu 2021 mabaraza ya kata yamebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu, bila kutoa hukumu. Shivji mwenyewe alianzisha pamoja na wenzake HakiArdhi mwaka 1994, taasisi ya kuwapelekea wanavijiji elimu hiyo. Baadaye alishika Kigoda cha Mwalimu Nyerere Mlimani, na mwaka 2020, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, akatoa wasifu mkubwa wa Nyerere wa majuzuu matatu.

Ukimweka profesa huyu wa Kilosa kando ya Abdallah bin Hemedi, unaona wanafanana zaidi ya inavyodhaniwa. Mmoja Mwislamu wa pwani aliyewatumikia wakubwa, mwingine msomi wa mrengo wa kushoto aliyewasumbua. Wote wawili walikuwa wageni kwa wale waliowasikiliza, na wote wawili waliandika walichosikia kabla ya kusema wanachofikiri. Cory naye alisikiliza, lakini alisikiliza akiwa na jedwali mkononi, akitafuta kanuni ya kulijaza.

Na chuo cha Lushoto? Kina nafasi ambayo hakuna kitivo cha Dar es Salaam kilichonayo. Wanaopita humo ndio wanaokwenda kukaa Mahakama za Mwanzo, ambako kesi nyingi za nchi hii huanzia na nyingi huishia. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa humo. Tangu 2021 wanaruhusiwa pale ambapo hakimu ana shahada ya sheria. Mwaka huohuo Bunge likatamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, hatua iliyowafanya majaji wa ngazi za juu wakifuate kijiji kilipokuwa tangu uhuru. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, aliyeitwa mdogo siku zote, amekuwa ndiye mwalimu wa lugha ya wakubwa wake.

Basi ombi ni kwa wakuu wa chuo hicho na kwa wanafunzi wake. Vugha haiko mbali, Mlalo inafikika kwa basi, Bumbuli pia. Wako wazee na bibi walioketi kama washauri wa mahakama, walioamua mipaka kwa kuangalia migomba, na ambao mama zao walitozwa faini ya matuta. Sijui aliyekusanya kitabuni hukumu za namna hiyo kwa Kiswahili tangu Abdallah bin Hemedi alipoweka kalamu chini. Wapeni wanafunzi daftari na kinasa sauti, wapande, wawaulize, na kitakachopatikana kichapwe pamoja na toleo jipya la Habari za Wakilindi, kiuzwe Lushoto mjini kwa bei ambayo mkulima wa viazi anaimudu.